Floraidi na Floraiti

Majina haya yanafanana, lakini vitu ni mbalimbali. Floraiti ni jiwe: waliona, walishika. Ndani yake floraidi imefungwa pamoja na kalisiamu, wala haiyeyuki upesi. Floraidi yenyewe ni chembe ndogo mno yenye umeme; ikiwa majini haionekani. Kandokando ya Kilimanjaro na Meru, baadhi ya visima na chemchemi huipata katika mawe ya volkano. Magadi tunayopikia maharage nayo yaweza kuwa nayo. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, yaweza kuharibu meno ya mtoto yangali yakijijenga ufizini. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mkaa wa mifupa uliotengenezwa vizuri huipunguza. Basi, maji maangavu nayo yapimwe.