Mapambo ya Krismasi ya udongo: Faida huamuliwa jokoni

MSIMU wa Krismasi sokoni ni wa wiki chache tu. Lakini mfinyanzi anayetaka kuuza mapambo ya udongo Desemba hupata au kupoteza fedha zake Agosti na Septemba, mbele ya joko, kabla hajapanga hata meza moja.

Bidhaa zenyewe zinafahamika: nyota na kengele za kutundika kwenye mti, malaika, vishikio vya mishumaa, vikombe na seti za pango la Mtoto Yesu. Dar es Salaam huuzwa kwenye magulio ya kazi za mikono ya mwisho wa mwaka na katika maduka ya Mwenge, soko ambalo wengi hulijua zaidi kwa vinyago. Wanunuzi ni familia za mjini, wageni wanaoishi nchini na watalii wanaotafuta zawadi inayoingia kwenye begi bila kuvunjika.

Wateja hao hupenda kitu kinachong'aa, na hapo ndipo gharama inapoanzia.

Ufinyanzi wenyewe si jambo geni. Akina mama wa Upare na Usambara, na Wakisi wa Ikombe kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi. Vyungu hivyo huchomwa kwenye moto wa wazi, kwa kuni na nyasi, mara moja tu. Kwa kupikia vinafaa sana. Ila moto wa namna hiyo hauna joto la kutosha wala la kulingana pande zote kuyeyusha glezi, yaani ule utando mgumu unaong'aa kama kioo juu ya kikombe. Anayetaka glezi anahitaji joko lililofungwa, na kwa kawaida michomo miwili.

Mchomo wa kwanza hufika nyuzi joto kati ya 900 na 1,000 za Sentigredi. Udongo hugeuka kuwa mgumu lakini hubaki na vitundu vidogo vinavyofyonza maji. Hali hiyo ndiyo inayotakiwa, kwa sababu pambo likichovywa kwenye glezi iliyokorogwa kama uji mwepesi, maji hufyonzwa na unga hubaki umeganda juu.

Unga huo ni silika, udongo kidogo na kiyeyushi. Silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700, kiwango ambacho joko la kawaida la mfinyanzi halifiki. Kiyeyushi ndicho kinachoishusha hadi kwenye nyuzi 1,000 na kitu. Rangi hutokana na madini: oksidi ya chuma hutoa kahawia, ya shaba kijani, ya kobalti buluu.

Tatizo la kibiashara liko kwenye mchomo wa pili. Katika mchomo wa kwanza vitu vinaweza kurundikwa, kimoja juu ya kingine. Katika wa pili haviruhusiwi hata kugusana, maana glezi ikiyeyuka huviunganisha kama gundi. Kitako cha kikombe lazima kifutwe, la sivyo kitagandia kwenye rafu ya joko. Pambo la kutundika hupakwa upande mmoja tu au huning'inizwa kwenye waya usioyeyuka. Kwa hiyo joko lile lile linabeba mali kidogo zaidi kwa gharama ile ile ya umeme au gesi.

Chukua mfano wa hesabu. Mfinyanzi ametengeneza nyota 300. Joko lake hubeba nyota 150 katika mchomo wa kwanza na 100 katika wa pili, yaani michomo mitano kwa jumla. Tuseme kila mchomo ni shilingi 30,000. Hiyo ni 150,000. Udongo, glezi na utepe ni 60,000, meza sokoni 50,000. Jumla ni 260,000, na wengi huishia hapo, wakagawa kwa 300 na kuona kila nyota imegharimu chini ya shilingi 900. Bei ya 1,500 inaonekana nzuri.

Hesabu hiyo ina mapengo mawili. Siku 12 za kazi hazikulipwa. Zikiwekwa kwa 15,000 kila moja, gharama inafika 440,000. Halafu si nyota zote 300 zitatoka salama. Zikiharibika 60, zinabaki 240, na kila moja imegharimu zaidi ya shilingi 1,830. Kwa bei ya 1,500, mfinyanzi huyo atauza meza nzima, atarudi nyumbani akishangilia, na atakuwa amepoteza 80,000.

Akipandisha bei hadi 2,000 anapata faida ya 40,000. Lakini nyota 40 tu zikibaki bila kuuzwa, faida hiyo inageuka hasara ya kiasi kile kile.

Ndiyo maana kupunguza uharibifu kuna tija kuliko kubishania bei. Na chanzo kikubwa cha uharibifu ni haraka. Udongo ambao haujakauka vizuri hupasuka jokoni, kwa kuwa maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Pwani, mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, wakati ule ule mfinyanzi anapokimbizana na msimu, na hewa yenye unyevu huchelewesha ukaukaji. Aliyefinyanga Agosti hana shida hiyo. Kipimo cha zamani bado kinafaa: kigusishe kitu shavuni, kikiwa cha baridi bado kina maji.

Kasoro nyingine ni mipasuko myembamba kama utando wa buibui juu ya glezi, inayotokea pale glezi inaponywea zaidi ya udongo wakati wa kupoa. Kwenye nyota huenda mteja akaipenda. Kwenye kikombe chai hupenya na uchafu hujificha humo.

Kikombe kina jambo zito zaidi. Risasi ilitumika kwa karne nyingi kama kiyeyushi cha bei nafuu, nayo ni sumu inayoweza kuingia kwenye kinywaji, hasa chenye uchachu kama maji ya ndimu. Kwenye glezi yenye risasi, shaba ya rangi ya kijani huongeza hatari hiyo. Mwuzaji asiyejua glezi yake ina nini abaki na mapambo, au anunue ile isiyo na risasi yenye kiyeyushi cha boroni.

Kuhusu mali inayobaki, wazoefu hawaandiki mwaka juu ya pambo. Nyota isiyo na tarehe inaweza kusubiri miezi 11 sandukuni. Yenye tarehe ni taka ifikapo Januari. Wengine huchanganya mzigo kwa kufinyanga vyetezo pamoja na nyota, wakitumia udongo na joko lile lile. Chetezo huuzwa Krismasi kama zawadi kwa mgeni, huuzwa kwa ajili ya harusi wakati wowote, na hutafutwa tena Ramadhani inapokaribia, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11.