Ratiba ya Kupwa na Kujaa: Kwa Nini Programu Ijaribiwe kwa Jibu la Kulinganisha

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, hupanga kazi zao kwa bamvua. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na mashamba hufikika kwa muda mfupi tu. Ratiba za kupwa na kujaa hukokotolewa kwa programu za kompyuta, hivyo usahihi wake hutegemea namna programu hizo zilivyojaribiwa.

Jaribio la programu huwa na sehemu mbili. Ya kwanza huendesha hesabu. Ya pili ni kauli ya uthibitisho, ambayo hutaja jibu linalotarajiwa na kulilinganisha na lililopatikana. Kauli hiyo inaposahauliwa, jaribio huonesha tu kwamba programu haikukwama. Kompyuta hutoa alama ya kijani hata kama maji yametabiriwa kujaa wakati yanapwa.

Kwa watumiaji wa saa za Kiswahili, kosa hilo liko karibu mno. Saa hizo hutofautiana na za kimataifa kwa saa 6, na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni takriban saa 6 na dakika 12. Programu inayochanganya mifumo hiyo itamwelekeza mkulima ashuke pwani maji yakiwa yamejaa, bila ya kutoa onyo lolote.

Wataalamu wengi huiacha kauli ya uthibitisho kwa sababu jibu kamili la hesabu ya kisayansi halijulikani mapema. Hata hivyo, bahari ina kanuni zinazoandikika. Baina ya kujaa mara moja na mara ya pili hupita karibu saa 12 na dakika 25, na maji hupanda na kushuka zaidi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu. Aidha, zipo kumbukumbu za kipimo cha maji cha Bandari ya Zanzibar, pembezoni mwa Mji Mkongwe, zilizoanza mwaka 1984. Ulinganisho nazo uruhusu tofauti ya sentimita kadhaa, kwani upepo nao huathiri usawa wa bahari.

Njia rahisi ya kugundua upungufu huo ni kuongeza saa 6 katika hesabu kwa makusudi, kisha kuendesha majaribio yote upya. Alama ikibaki ya kijani, saa za kujaa na kupwa hazikuwa zikilinganishwa.