Kiwele Baada ya Ndama Kulikizwa

Katika nyika ya Mkwaja, baina ya Pangani na Saadani, ambako tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2000 kampuni ya mkonge ya Amboni ilifuga maelfu ya ng'ombe, na ambako leo ni hifadhi ya taifa, kila mchungaji alijua kwamba ndama akitengwa na mamaye kiwele hufura, humuuma ng'ombe kitambo, kisha hunywea. Na aghalabu watu hudhani kunywea huko ni kukauka tu, ilhali kwa hakika ni ubomoaji wenye taratibu.

Mengi tuyajuayo yametokana na panya, ambaye mageuzi yake ni ya haraka. Takriban siku mbili za kwanza baada ya watoto kutengwa, maziwa yakiwa yamelimbikizana ndani ya vifuko vya tezi ya maziwa, protini iitwayo STAT3 huamshwa, laisosomu za seli huvujisha vimeng'enya vya kathepsini, na seli zilizotengeneza maziwa huanza kufa. Lakini umbo la tezi lingali zima, na watoto wakirudishwa kunyonya, maziwa hurudi. Zikipita siku hizo huingia metaloproteinezi, vimeng'enya visivyofanya kazi pasipo zinki, vikaula utando wa msingi unaozishikilia seli, vifuko vikaporomoka, na nafasi yao ikatwaliwa na mafuta.

Ninaloliona kubwa kuliko vimeng'enya vyenyewe ni lile walilolionyesha Talhouk, Bissell na Werb mwaka 1992: kwamba mwili huvitoa pamoja na vizuizi vyake, na hatima ya tezi hufuata mizani ya pande hizo mbili, hata kizuizi kilipopandikizwa ndani ya tezi ya panya, vifuko vilichelewa kuporomoka.

Ng'ombe, lakini, si panya. Kwa kuwa mara nyingi huacha kunyonyesha akiwa na mimba nyingine, vifuko vyake havibomolewi vyote, na kazi huchukua majuma kadhaa. Plasmini, kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa yenyewe, huzidi, huikatakata kaseini, na baadhi ya vipande vyake huihimiza tezi ifunge kazi. Kwa hiyo mfugaji wa maziwa wa Tanga, ambaye hushauriwa kumkausha ng'ombe takriban siku 60 kabla ya kuzaa, akirudi kila baada ya siku mbili kukamua kilichobaki, huviondoa vihimizi hivyo hivyo, na tena huifungua chuchu kwa vijidudu vya ugonjwa wa kiwele kabla kizibo chake cha asili hakijaliziba tundu.