Mvua Inyeshayo Mbali: Shauri kwa Wazazi na Walimu juu ya Matembezi ya Shule

Hakuna siku impendezayo mtoto wa shule kama ile aambiwayo, "Kesho twaenda matembezi." Nasi twazisifu shule zenye vyama vya matembezi, maana mtoto aonaye mlima, ziwa na mnyama kwa macho yake hujifunza mambo ambayo ubao hauwezi kumfundisha. Lakini mzazi amwekapo mwanawe mikononi mwa mwalimu, huweka amana kubwa kupita fedha. Basi yatupasa mwezi huu tutafakari pamoja namna ya kuitunza amana hiyo.

Tutazame habari moja ya kweli. Kusini ya ziwa Naivasha, katika nchi ya Kenya, kuna hifadhi iitwayo Hell's Gate, maana yake Mlango wa Jehanamu, iliyowekwa mwaka 1984. Humo mna korongo liitwalo Ol Njorowa, lililochimbwa na maji ya zamani za kale. Kuta zake zimesimama wima, na mahali pengine njia yake ni nyembamba sana. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 kundi la vijana wa kanisa walikuwa wakitembea humo; maji yakawajia ghafula, wakafa watu 7. Tena mwezi wa Septemba mwaka 2019 maji yalishuka vivyo hivyo, wakafa 7 wengine, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa wageni.

Huenda mtu akauliza, "Je, hawakuiona mvua?" Hapo ndipo penye fundisho. Mafuriko ya korongo hayangoji mvua inyeshe juu ya kichwa cha mtu. Mvua hunyesha mbali, kwenye miinuko. Maji hukusanyika katika vijito, na vijito vyote huingia korongoni, kama nafaka ipitavyo katika shingo ya kibuyu. Kwa dakika chache mchanga mkavu huwa mto, na mtu aliye chini aweza kuwa bado anaona jua. Wala kuhesabu miezi peke yake hakutoshi: Aprili ni masika, lakini mwanzo wa Septemba si masika wala vuli. Tena maji hudanganya macho. Maji yaendayo mbio, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huchukua hata motokaa. Mtoto atafanyaje?

Kwa hiyo twasema kwamba usalama wa matembezi hutengenezwa nyumbani, kabla basi halijaondoka.

Kwanza, mwalimu aitembee njia yote siku zilizotangulia. Aone mahali pa kupandia kutoka bondeni, mahali pa kupata maji safi, na mahali ambapo simu haishiki. Asubuhi ya safari aulize habari za mvua, si za hapo tu, bali za miinuko iliyo juu yake, na awasikilize askari wa hifadhi.

Pili, ziandikwe karatasi mbili zenye majina ya watoto wote, namba za simu za wazazi, na ugonjwa wa kila mtoto aliye nao, kama pumu au kifafa. Moja ichukuliwe na mwalimu, ya pili ibaki shuleni, pamoja na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila habari, mwalimu mkuu asikae kungoja, bali aanze kuuliza na kutafuta. Nchi zetu zina usiku uingiao upesi; jua likisha kutua, giza halikawii.

Tatu, kila mtoto apewe mwenzake, asimwache. Mwalimu mmoja atangulie na mwingine afuate nyuma ya wote, na mwendo uwe wa yule aendaye polepole kuliko wengine. Watoto wahesabiwe wanapoondoka, kila wapumzikapo, na kabla ya kupanda basi.

Nne, wafundishwe dalili. Maji yakigeuka matope, yakileta majani na vijiti, au ukisikika mvumo kutoka juu, wapande mara moja, na mizigo waiache. Ngurumo ikisikika, wasikimbilie chini ya mti uliosimama peke yake. Waingie nyumba imara au ndani ya basi, wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote, yaani kulitamka neno "Turudi." Nauli ya basi imekwisha kulipwa, watoto wameimba njia nzima, na mwalimu aona haya kuwavunja moyo. Haya hiyo imewaingiza wengi mahali pa hatari. Dawa yake ni kupatana mapema ni nani mwenye neno la mwisho, na kuchagua kabisa mahali pa pili pa kwenda. Katika hifadhi hiyo tuliyoitaja, watoto wakizuiwa korongo, bado wana uwanda wenye twiga na punda milia, na jabali refu liitwalo Fischer's Tower. Siku yao haikupotea.

Nanyi wazazi, msiione haya kuuliza. Mwulizeni mwalimu: Nani ameiona njia? Mtarudi saa ngapi? Mvua ikinyesha mtakwenda wapi? Mwalimu mwema hatachukizwa. Atafurahi kwamba hakuachiwa mzigo peke yake. Na mtoto akirudi jioni akinung'unika kwamba hawakufika korongoni, mpeni chakula chake, mkamshukuru mwalimu. Wahenga walisema, Tahadhari kabla ya hatari. Korongo litakuwapo hata mwaka ujao, na mtoto aliyerudi salama aweza kulitazama siku nyingine.