Kusimika Darubini ya Vioo na Kuvioanisha Vioo Vyake

Darubini ya vioo, aina iliyoundwa na Isaac Newton mwaka 1668, hukusanya mwanga kwa kioo kikuu kilichobonyea, kinachokaa chini ya bomba. Mwanga huo hurudi juu ukakutana na kioo kidogo bapa kilichoinama nyuzi 45, kisha ukatokea ubavuni penye lenzi ya kutazamia. Vioo hivi viwili visipoelekeana barabara, nyota huonekana kama doa lenye mkia. Mnunuzi mgeni aghalabu hudhani ameuziwa kifaa kibovu, ilhali tiba yake ni skrubu chache.

Makala haya yanatumia istilahi kuoanisha badala ya kulinganisha. Kulinganisha hubeba pia maana ya kupima kitu kwa kingine. Hapa hatupimi, tunavipatanisha vioo.

Kazi hii hufanywa mchana, bomba likiwa limelazwa. Likisimama wima, bisibisi inayoponyoka huangukia kioo kikuu, na mkwaruzo hauna dawa. Weka kifuniko chenye tundu dogo katikati mahali pa lenzi, uchungulie. Kioo kidogo kionekane duara kamili, kisha ukiinamishe kwa skrubu zake hadi kioo kikuu chote kionekane ndani yake. Ndipo uzigeukie skrubu zilizo nyuma ya kioo kikuu, robo mzunguko kila mara, hadi alama iliyo katikati yake ilingane na taswira ya lile tundu.

Mchana huohuo, lenga ncha ya mlingoti wa mbali, uirekebishe darubini ndogo ya kulengea ionyeshe ncha hiyohiyo. Jua lisilengwe kamwe: hupofusha mara moja.

Tatizo la kwetu liko kwenye kitako. Maelekezo mengi yameandikiwa watu wa kaskazini, nayo humwamuru msomaji auelekeze mhimili kwenye nyota ya Ncha ya Kaskazini. Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo haionekani hapa. Mhimili huo ingebidi ulale karibu sawa na ardhi, ukielekea kusini, na vitako vingi haviteremki kiasi hicho. Kwa maoni yangu, anayeanza achague kitako sahili kigeukacho kushoto na kulia, juu na chini, mfano wa kile alichokieneza John Dobson nchini Marekani.

Usiku, iache darubini nje nusu saa ili kioo kipoe. Lenga nyota angavu iliyo juu sana, uivuruge kidogo taswira yake: patatokea miduara. Ikiwa na kitovu kimoja, vioo vimeoana. Ikiegemea upande, zirudie skrubu za nyuma.

Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200, kwa lenzi ya milimita 25, hukuza mara 48. Yatosha kuiona miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Taswira itakuwa juu chini. Hapo hapana skrubu ya kugeuza, ndivyo darubini hizi zilivyo.