Kahawa yetu na sheria ya Bulaya: GPS ya shamba iko mali ya nani?

Wandugu wakulima, memba wengi wa koperative wanatuuliza juu ya nini watu wanapita mashambani na telefone, wanapima, wanaandika jina, kisha wanaenda. Wengine wanawaza kodi. Wengine wanasema hao wanatafuta madini! Hapana. Jambo hili linatoka Bruxelles.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria: kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mpira, mbao, soya na ngombe haviingie kwao kama vimetoka mahali pori lilikatwa nyuma ya tarehe 31/12/2020. Ilipaswa kuanza mwisho wa 2024. Wakaisogeza, kisha wakaisogeza tena, na kwa kampuni kubwa sasa ni 30/12/2026.

Hakuna Mukongomani aliyepiga kura pale. Serikali nyingi za Afrika, Azia na Amerika ya Kusini zililalamika, kampuni za kwao vilevile. Tarehe ikasogea, lakini GPS ilibaki. Tuseme ukweli: mwaka 2019 Ghana na Côte d'Ivoire walikaa pamoja, wakaomba dola 400 zaidi kwa kila tani ya kakao, na wanunuzi walilazimika kuwasikiliza, juu kakao nyingi ya dunia inatoka kwao. Sisi na kahawa yetu ya Kivu, tukisema leo hatuuzi, hakuna mtu Bulaya atakosa kikombe chake asubuhi. Kwa hiyo tujue sheria vizuri kuliko yule anayekuja kutupima.

Shamba lisilopita hektari 4 linaomba pointi moja tu ya GPS. Likipita hapo, wanazunguka mipaka yote. Namba za pointi zinapaswa kuwa na tarakimu sita nyuma ya virgule, kwa hiyo muangalie fishi mbele mupime ya pili kazi bure. Kahawa iliyopandwa chini ya miti ya kivuli haina shida, na shamba la zamani la baba vilevile. Hatari iko zaidi kwa kakao, upande wa Beni na Mambasa, kwenye mashamba mapya yaliyofunguliwa ndani ya pori.

Sasa, kitu kinachoweza kutuumiza kabisa: kuchanganya. Sheria haikubali kahawa inayojulikana ichanganywe na ile isiyojulikana. Memba mmoja akinunua kahawa ya jirani asiyeandikwa, akaileta kwenye stasio ya kuosha kwa jina lake, muzigo wote wa koperative unaweza kukataliwa. Tunajua vile inapita: jirani anataka feranga za minerval ya watoto, wewe unamsaidia. Bora mumwandikishe huyo jirani, mupime shamba lake, kisha alete kahawa yake kwa jina lake mwenyewe.

Kwa maoni yangu sheria hii inalinda pori, na hilo ni jambo zuri. Lakini inamuomba mwenye miti 300 ya kahawa makaratasi sawasawa na mwenye plantasio kubwa. Mbele ya sheria, anayejibu ni kampuni inayoingiza kahawa kule. Gharama ya kupima, hakuna pahali imeandikwa mkulima ndiye ataibeba. Iulizwe wazi, na iandikwe kwenye kontra mbele mavuno hayajaanza: nani analipa wapimaji, na kahawa yenye GPS inaongezewa bei gani.

Na hizo pointi zenyewe? Mnunuzi akilipa upimaji, mara nyingi anaondoka na fichier yote. Mwaka unaofuata mukitaka kumuuzia mwingine, munaanza tena sifuri, ao munabaki mumefungwa kwake. Komite isikubali mtu apime shamba hata moja kama hakuahidi kwa maandishi kuacha kopi kamili. Kopi moja ikae kwenye ordinatere ya koperative, ingine kwa klefu ya sekretere. Na kila memba apewe karatasi yenye namba za shamba lake, aihifadhi pamoja na karatasi aliyopewa na chifu.