Mnada wa hisani: bei ya mvinyo isiyo bei ya soko

Juni 2000, katika mnada wa hisani wa Napa Valley, jimbo la California, chupa moja ya mvinyo mwekundu aina ya Screaming Eagle ya mwaka 1992 iliuzwa kwa dola za Marekani 500,000. Chupa hiyo ilikuwa ya lita sita, yaani sawa na chupa nane za kawaida za mililita 750. Kwa hesabu hiyo kila chupa ilisimamia dola 62,500.

Mwekezaji anayeichukua bei hiyo kama bei ya mvinyo atapotea. Msomaji aliyewahi kuhudhuria harambee amekwisha kuona jogoo akinadiwa kwa fedha zinazotosha kununua ng'ombe. Hakuna mfanyabiashara anayerudi nyumbani na kupandisha bei ya kuku kwa sababu hiyo. Mnunuzi amelipa vitu viwili kwa mkupuo mmoja: jogoo na mchango.

Mfano mzuri wa biashara hii ni Atlanta, jimbo la Georgia. Makumbusho ya sanaa ya High Museum of Art yalianza mwaka 1905 kama chama cha wapenzi wa sanaa, na mwaka 1926 yakapata makao baada ya familia ya High kutoa nyumba yake katika barabara ya Peachtree. Jengo jipya lililosanifiwa na Richard Meier lilifunguliwa mwaka 1983, na mwaka 2005 yakaongezwa majengo ya Renzo Piano. Majengo ya namna hiyo yanahitaji umeme, walinzi, bima na mafundi kila mwezi, na viingilio peke yake havitoshi. Mwaka 1993 ukaanzishwa mnada wa mvinyo wa kuyachangia, nao ukakua hadi kuwa miongoni mwa minada mikubwa ya aina yake Marekani.

Faida hutoka wapi?

Watu wengi hudhani faida hupatikana usiku wa mnada, dalali anapogonga nyundo. Kwa kweli sehemu kubwa huwa imekwisha kupatikana miezi kadhaa kabla, kwa kazi ya watu wa kujitolea.

Kamati yao huwaandikia wenye mashamba ya mizabibu na watu wenye maghala ya mvinyo kuomba chupa, kreti, safari au chakula cha jioni pamoja na mtengenezaji wa mvinyo. Wengine hukubali kuandaa karamu hizo majumbani mwao. Wengine huorodhesha mali, huandika katalogi, huuza meza kwa makampuni na kusimamia malipo. Kwa lugha ya hesabu, bidhaa imeingia dukani bila kununuliwa na wauzaji hawamo katika orodha ya mishahara.

Mnada wa kawaida hauna nafuu hiyo. Mwenye mali hudai fedha zake, na nyumba ya mnada humtoza mnunuzi kamisheni inayoweza kufikia takriban robo ya bei.

Kwa hiyo jumla ya mauzo siyo kipimo. Tuchukue mfano: mnada wa kwanza umeuza dola 1,000,000, lakini ukumbi, chakula, muziki na wafanyakazi vimekula 400,000. Mnada wa pili umeuza 800,000 na kutumia 150,000. Wa kwanza umebakiwa na 600,000, wa pili 650,000. Aliyeuza kidogo ndiye aliyefaidi.

Kodi nayo ina neno

Sheria ya Marekani inatenganisha mvinyo na mchango. Kreti yenye thamani ya dola 1,000 sokoni ikinunuliwa kwa 2,500, mnunuzi anaweza kuombea nafuu ya kodi kwa zile 1,500 za ziada tu. Malipo ya namna hiyo yakizidi dola 75, taasisi inawajibika kumpa maelezo ya thamani kwa maandishi.

Mtoaji naye ana mpaka wake. Aliyenunua kreti kwa dola 300 miaka ya nyuma, nayo sasa ina thamani ya 1,000, kwa kawaida huhesabiwa zile 300 pale taasisi inapoinadi. Mtu wa kujitolea hawezi kukata thamani ya saa zake, bali gharama alizotoa mfukoni. Lakini kazi yake ina faida nyingine: mapato ya shughuli ambayo karibu yote imefanywa na watu wasiolipwa hayatozwi ile kodi ya biashara zilizo nje ya lengo la taasisi.

Tahadhari

Mapato haya yana udhaifu wake. Wanaoinua mkono ukumbini ni wenye hisa na makampuni, hivyo soko la hisa likianguka mifuko yao hufungwa pamoja. Wafadhili wale wale wakiombwa kila mwaka huchoka, na kamati ikichoka itabidi kuajiri. Hapo nafuu yote huyeyuka. Makumbusho yanayoweka mishahara ya mwaka mzima juu ya usiku mmoja yanacheza kamari.

Kwa anayenunua mvinyo kama kitega uchumi, ushauri ni huu. Usitumie bei za minada ya hisani kukadiria thamani ya ghala lako; tazama minada ya biashara, tena mauzo kadhaa siyo moja. Uliza chupa ilihifadhiwa wapi na nani, hata kama imetolewa bure. Mwaka 2014 mahakama ya New York ilimfunga Rudy Kurniawan miaka 10 kwa kuuza mvinyo wa kughushi, na waliouziwa walikuwa wajuzi wa kazi hiyo.

Na ukiamua kununua kwenye mnada wa hisani, andika tarakimu mbili kabla ya kuinua mkono: thamani ya chupa sokoni, na kiasi ulicho tayari kutoa sadaka. Jumla yake ndiyo mwisho wako.